Nimeuambia Ni Mwaka Tisini na Nane

Mbula aliuleta ndani ya bahasha ya eksirei:
disketi moja, na sidii yenye mikwaruzo
kama goti la mtoto wa Isevya,
juu yake kalamu ya bluu: VIFARU. USIGUSE. NKWABI.
"Nyumbani umenigomea," akasema.
"Skrini inakuwa nyeusi, basi."

Nikamuuliza, mchezo wa lini huu, dada?
Akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabia wajawazito wodini:
kidato cha tatu, kompyuta ya mjomba wa reli,
umeme ulikatika wakiwa hatua ya tisa,
yeye na kaka yake wamewekeana dau la jogoo.
Nkwabi sasa yuko Mpanda, ana watoto wanne,
na kila Krismasi hupiga simu kudai jogoo wake.

Nikaingiza. Kompyuta ikazunguka, ikafikiri,
ikaandika kwa adabu ya karani:
Programu imeacha kufanya kazi.
Haikusema kwa nini. Huwa hazisemi.

Wengi hukosea hapa, hudhani mchezo umeoza.
Mchezo ni ule ule, kila herufi mahali pake.
Kilichobadilika ni nyumba.
Umelala, umeamka, kitasa si kile,
sebule imekuwa jiko,
na mtu asiyekujua anakudai kitambulisho.
Hata wewe ungezimia.

Nikaanza na uongo.
Nikauambia huu ni mwaka tisini na nane,
rangi zote duniani ni mia mbili hamsini na sita,
na skrini ni ndogo, kama dirisha la tiketi stesheni.
Ukaamini. Nembo ikatokea,
muziki ukapiga sauti tatu,
ukaanguka.

Nikautoa kwenye folda ya wakubwa,
ambako hata kuandika jina lako ni mpaka ruhusa itoke juu,
nikaupa kichumba chake uani,
uandike alama zake bila kupiga hodi.
Ukalalamika: faili moja halipo.
Nikalitafuta kwenye diski yangu kuukuu,
ile ninayoiita kabati la marehemu.
Kilobaiti arobaini. Dogo
kuliko picha za maua watu wanazotumiana asubuhi.

Chai ya Mbula ilikuwa imepoa,
asali imetuama chini ya kikombe.

Mara ya nne ukasimama.
Ukasimama, ukatimua mbio!
Vifaru vikapita kama inzi, risasi hazionekani,
mchezo umekwisha Mbula hajakaa kitini.
Nikacheka, fundi mzima:
mgonjwa amepona, mwenye homa ni mashine.
Mchezo ulipima hatua zake
kwa mapigo ya moyo wa kompyuta ya zamani,
na huu moyo mpya unapiga mara mia.
"Basi mteremshie mapigo," akasema Mbula, nesi.
Nikaufunga kwenye kiini kimoja,
nikazibana picha zisizidi thelathini kwa sekunde.
Sikuwahi kulipwa kwa kuifanya kompyuta iwe nzito.

Disketi ikasomeka kwa kukwaruza.
Hatua ya tisa.
Kifaru cha kijani nyuma ya ukuta wa matofali,
pale pale umeme wa mwaka ule ulipokiacha,
mtutu umeelekea kushoto, tabia ya Nkwabi.
Mbula akasogeza kiti. Hakusema neno.
Sekunde tatu, akalipuliwa.

Alicheka mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia.
"Usimwambie mtu. Nirudishe pale."
Nikamrudisha. Mara sita nikamrudisha.
Kisha feni ikazima, taa ikazima,
mtaa mzima ukaguna kwa pamoja,
betri ikabaki.
Hakuinua hata macho,
uso umepakwa kijani cha skrini.
Simu ikaita mezani: Mpanda.
Akaiacha iite.