Jezi Namba Saba

Muhula umefunguka, wameniletea tena begi la jezi.
"Mama Umazi, fumua majina."
Nafumua. Uzi mweupe unajikunja sakafuni
kama nywele za mtoto wa siku arubaini.

Saba ilikuwa ya Kadzo, mrefu wa Ganda,
aliyeinama mlangoni kwangu kila alipoingia.
Chuo cha Mombasa kimempa karo na kitanda.
Sikumlaumu. Njaa haina timu.

Kisha ikawa ya Nyevu, muhula mmoja tu.
Jina lake nililishona Jumatatu ya mvua;
hata halijapauka, nikalitoa.

Na makocha?
Barisa alitaka wakimbie.
Mwaringa alitaka pasi tano kabla ya kurusha.
Huyu wa sasa hajafungua hata sanduku lake,
na wasichana, kwenye saruji ya chuo hapa Malindi,
wanakimbia hatua tatu, wanasimama, wanatazamana,
maana miguu yao ina walimu watatu.

Leo kaja Dama, mwaka wa kwanza,
kaivaa saba mbele ya kioo changu.
Akapapasa mgongoni:
"Mama, hapa pana vitundu vya sindano."
"Ndiyo," nikamwambia. "Hapo palikuwa na watu."

Akanyamaza kidogo.
"Basi langu lishone kwa mkono,
mishono midogo midogo,
iwe kazi kulitoa."

Nikaifunika cherehani.
Nikakata uzi kwa meno, mrefu kuliko kawaida.