Sheria ya Treni

Kitabu cha mjomba Nkwabi nimekifunga kwa khaki,
nimekilaza sandukuni chini ya mashuka ya harusi.
Msinitazame hivyo.
Najua kilivyofika. Msafiri mmoja, stesheni ya Tabora,
alipungukiwa nauli ya Mpanda,
akaacha boksi zima kwa noti mbili na kopo la asali.
Dadu sita, ramani ya shimo, na kitabu chekundu
ambacho mjomba alikisoma kwa kamusi pembeni
mwaka mzima, kama anayechimba kisima kwa kijiko.

Mimi nilikirithi pamoja na mchwa wake.
Walianza na jedwali la mapigo, wakaingia kwenye majoka,
wakabakiza mkia.
Na kurasa zilizopona zina vituko vyake:
sheria ya mlango iko ukurasa wa nane,
ya ufunguo, hamsini na mbili,
na ngao, jamani, ngao kadiri inavyokuwa ngumu
ndivyo namba yake inavyoshuka.
Milembe, ambaye mahesabu ya duka hayajawahi kumpiga chenga,
aliuliza, "Kwa hiyo nikivaa chuma nakuwa sifuri?"
Tulicheka. Lakini saa nzima ilikwisha
na zimwi bado limesimama mlangoni, mdomo wazi,
likingoja tumalize kutoa na kujumlisha.

Basi nikaenda kwa Hamduni wa steshenari
nikachapisha kile kipya.
Kimeandikwa juzijuzi na watu nisiowajua,
waliouchukua mchezo uleule, mifupa ileile,
wakaukung'uta vumbi, wakaushonea kanzu isiyoupwaya.
Mlango umekaa na ufunguo wake.
Ngao ngumu, namba kubwa.
Nakala sita, waya wa plastiki mgongoni,
kila mtu na yake,
na inalala wazi mezani bila kuwekewa jiwe.

Lugendo alikataa. Alicheza na mjomba tangu zamani,
enzi za karakana ya reli na viatu vya grisi.
"Ya kale dhahabu," alisema. "Hiki ni kivuli tu."
Nikamjibu, dhahabu hailiwi na mchwa.
"Haya. Kipya kinyemi," akasema,
na ile "ingawa kidonda" akaimeza na andazi.

Sikumwambia kilichoniweka macho usiku ule.
Pambizoni mwa kile cha zamani, kwa penseli,
mjomba aliandika waliokufa:
*Mhoja, mpiga mishale. Shimo la pili. Hakutaka kurudi.*
*Sizya, mganga. Sumu. Kosa langu, sikuwaonya.*
*Lugendo, mara ya tatu. Hasikii.*
Niliwahamisha wote kwa kalamu ya bluu,
nikitafuta kila mmoja shimo lake
katika kurasa zisizolingana na zile.
Nakala hiyo nilimpa yeye.
Alifungua, akasoma, akafunga.
Akaomba dadu.

Dadu hatujabadilisha. Pembe zimelika,
ile ya pande ishirini inapenda tatu kuliko haki.
Aliitupa juu ya zimwi, ikasimama: tatu.
Hapo treni ya Kigoma ikapita nyuma ya nyumba,
vikombe vikaimba, meza ikachezacheza,
na dadu ikajigeuza, polepole, bila aibu,
ikalala kwenye kumi na tisa.

Tuligombana mpaka chai ikapoa.
Kile cha mjomba kingenyamaza, najua.
Hata hiki kilinyamaza, ila mwishoni
wameacha kurasa nne tupu, zina mistari.
Milembe akachukua kalamu, akaandika:
*Honi ikitangulia dadu, namba ya mwisho ndiyo.*
*Dadu ikitangulia, namba ya kwanza.*
Sasa kipi kilitangulia?
Tukamgeukia mtu aliyekula mshahara wa reli miaka thelathini.

"Honi," alisema Lugendo, bila kuinua macho.

Dadu ilikuwa yake.