Mwiba wa Kumi na Mbili

Umekuja tena. Usikane,
umeacha mwiba kwenye tuta la tatu,
mweusi, mweupe, mweusi, mweupe,
umelala juu ya udongo uliofukuliwa
kama kalamu ya karani aliyeondoka ghafla
bila kufunga daftari.

Vile viazi havikuwa vyako.
Havikuwa vyangu pia, kusema kweli.
Oderigo ndiye aliyekuwa akivipanda,
siku ya Mtakatifu Yosefu, mvua inyeshe isinyeshe,
kipande kwa kipande, macho yakitazama juu:
“Kiazi nacho kinataka kuona kinakokwenda.”
Mwaka huu amepandwa yeye, mwezi wa pili,
kule kwenye miberoshi nyuma ya kanisa,
nami nikashuka bustanini na goti langu bovu
nikayatafuta macho ya viazi kwa vidole,
maana miwani niliisahau mezani.

Wewe ukangoja. Hilo ndilo linaloniuma.
Ukangoja maua yachanue, yanyauke,
ukangoja mpaka Settimio alipoegemea ua na kusema,
“Ersilia, juma lijalo vitakuwa tayari.”
Ulikuwa unasikiliza?
Usiku uleule, mashimo kumi na tisa,
kama ya mtu aliyepoteza pete.

Nimejaribu kila nilichoambiwa.
Seng'enge: ukapita chini.
Mawe chini ya seng'enge: ukayasogeza
kwa adabu, ukayaweka kando.
Nywele za kinyozi nilizitundika ndani ya soksi,
majirani wakazitazama, wakanyamaza,
na bado naona aibu.
Redio katikati ya maharage, usiku kucha,
bei ya petroli, mahubiri, mpira,
asubuhi redio imeishiwa betri
nawe umeshiba.

Settimio anasema nyama yako ni tamu,
babu yake alikuwa akikupika kwa divai na zeituni.
Sheria inamlinda, nikamwambia.
“Sheria hailali bustanini kwako,” akajibu,
akaniachia bunduki mlangoni,
imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

Basi nami nikakungoja.
Kiti cha jikoni, koti la Oderigo, tochi.
Mwezi nusu. Mbwa wa Settimio kachoka kubweka.
Nilikusikia kabla sijakuona,
chaka-chaka, chaka-chaka,
droo ya vijiko inayotembea yenyewe.
Kisha nyuma yako, droo ya pili.

Hakuna aliyeniambia mnatembea wawili.
Miezi mitatu nimekulaani kwa umoja.

Mmoja anachimba, mwingine amesimama tu
akiitazama barabara kama anayesubiri basi.
Kisha mnapokezana.
Nikawasha tochi nione vizuri zaidi,
nikapiga chafya.
Mkasimamisha miiba, mkawa wakubwa mara mbili,
mkanipa mgongo, mkaondoka bila haraka
mkinung'unikiana, nadhani mkilaumiana,
na hapo ndipo nilipokumbuka
kwamba bunduki nimeiacha jikoni.

Asubuhi: shimo moja, mwiba mmoja,
kiazi kimoja kilicholiwa nusu.
Kwenye chupa juu ya kabati kuna miiba kumi na mmoja,
kila mmoja na karatasi yake, tarehe, mwandiko wa Oderigo.
Huu wa kumi na mbili nimeuandikia mimi.
Herufi zangu zinaegemea kushoto.

Kiazi nikakikata penye alama za meno,
nusu iliyobaki nikaikaanga kwa chumvi
nikaila nimesimama, humohumo kikaangoni,
sikuona sababu ya kuchafua sahani.

Kesho namrudishia Settimio bunduki yake.
Kesho nanunua seng'enge ya kufukia, sentimita arobaini kwenda chini,
kwa hiyo msijidanganye.

Ila kuna jambo moja, na sina mwingine wa kumuuliza.
Watoto wako Torino, hawali viazi,
Settimio hulima vyake.
Nyinyi mmevila vya Oderigo miaka yote hiyo,
mmevila na hivi vyangu.
Niambieni basi,
ladha ni ileile?