Usisimame Mlangoni

Tuko wanne katika nyumba ya kungojea, hapa Ilulissat,
matumbo manne, birika moja,
na dirisha linaloikodolea macho hospitali
kama mdai aliyekwisha kuchoka kubisha hodi.
Mimi nililetwa na helikopta, kisha ndege ndogo.
Kijijini kwetu hakuna mkunga. Kuna duka, kanisa,
na Juaaka wangu, aliyebaki na mbwa kumi na wawili
na simu isiyoshika mtandao ila juu ya jabali.

Arnannguaq ndiye mkongwe, huyu ni wa nne.
Hutoa ushauri kama agawaye nyama ya sili:
kila mtu na kipande chake, upende usipende.
"Kiungulia? Lalia ubavu wa kushoto.
Miguu ikivimba, itundike ukutani, uisahau.
Na asubuhi ukitoka, toka! Usisimame mlangoni
kufunga kamba za viatu na kuuliza hali ya hewa.
Mama akisita kizingitini, na mtoto husita."
Pipaluk, miaka kumi na tisa, hucheka hadi ajishike nyonga:
"Mbona daktari hakuniambia?"
"Daktari wako mwanamume. Ana mlango gani yeye?"

Pipaluk hula dagaa wakavu kwa jamu.
Tumeacha kumtazama.

Usiku ule barafu ilikuwa ikipasuka ghubani,
kishindo, kimya, kishindo,
nami nikalitapika lililonikaa kooni.
Kwetu mtoto hurithi jina la aliyetangulia,
na jina si kitambulisho, jina ni mtu:
ukiliita, amerudi, ameketi, anadai chai yake.
Mama mkwe anamtaka Enok.
Enok, shemeji yangu, aliyezama mwezi wa Machi,
barafu ilipomwahidi njia isiyokuwapo.
Kijiji kizima kililia. Nami nililia,
huku nikipapasa kovu hili, hapa, chini ya nywele,
la chupa ambayo hakuwahi kuiombea radhi.
Uchungu wa mwana aujua mzazi;
wa jina je, aujua nani?
Nitamnyonyeshaje Enok?

Birika lilichemka, likajizima lenyewe.
Arnannguaq alihesabu vitanzi vya soksi anayofuma,
akahesabu tena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kipande.
Aliyesema ni Bibiane,
ambaye wiki mbili hajamshauri mtu,
ambaye kwenye kadi ya kliniki, penye "watoto walio hai",
aliacha wazi, hata sufuri hakuandika.

"Wangu nilimpa jina la nyanya yangu.
Mkali, yule, kama shoka la baridi.
Alikaa siku sita. Zote sita hakukunja uso.
Jina likipita majini huoshwa, nadhani.
Sijui. Lakini usilitoe kwa kuogopa watu.
Mtazame kwanza. Kama ni yeye, utamjua.
Kama siye, mama mkwe atazoea."
Kisha akamwomba Pipaluk jamu,
akala kijiko kizima, kitupu, bila mkate.

Alfajiri maji ya Pipaluk yakavunjika kwenye zulia.
Alipofika mlangoni akageuka: "Chaja yangu—"
Sote watatu, kwa koo moja: "Usisimame!"
Akatoka mbio, kamba za kiatu zikiburura theluji,
muuguzi nyuma yake akihema na begi.

Niliosha kikombe chake. Nikafuta zulia
kadiri mgongo ulivyoruhusu.
Wenzangu walipolala tena,
nikainamia tumbo, nikajaribu, kwa sauti ya kuazima:
Enok?
Kisigino kikanigonga chini ya mbavu, mara moja.
Sijui kama ni naam, ama ni samahani,
ama wale dagaa niliowadokoa usiku, kwa siri,
kwa jamu.