Hodi ya Saa Nane

Tangazo lilikuwa fupi, lenye adabu ya benki:
tarehe thelathini na moja Machi, saa nane mchana,
huduma itafungwa. Asanteni kwa miaka sita.
Sarafu msizozitumia mtarudishiwa fedha zake.
Barua hazikutajwa.

Mimi naendesha greda la theluji, Obihiro,
kuanzia saa tisa usiku mpaka mji uamke.
Mchezo haukuwa wangu. Ulikuwa wa Sumie,
aliyeucheza kwenye kiti cha kusafishiwa damu,
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye simu:
kisiwa, posta ndogo yenye paa jekundu,
na konokono wanaobeba barua.
Ya karibu, siku moja. Ya mbali, siku mia nne.
Nani wa kungoja siku mia nne? nilimcheka.
Akaniambia nifungue akaunti, nisiulize sana.

Alinitumia moja, ya mbali, mwanzoni mwa Mei.
Mwishoni mwa Mei hiyo hiyo tulimwokota kwa vijiti,
mifupa myepesi kama chaki.
Sasa Machi, na konokono wake
amebakiza siku sitini na sita.

Kozue, mpwa wake, anasomea umeme,
hula mkate wa mchuzi juu ya kibodi.
Alinieleza kama mtu anayemvusha kipofu barabara:
Simu haina mchezo, mjomba. Simu ina mlango.
Ukiigusa, inapiga hodi kwa kampuni, Tokyo,
na huko wanaitika karibu,
leo ni tarehe fulani, vitu vyako hivi hapa.
Wakizima, itapiga hodi kwenye mahame.
Sasa tufanyeje?
Tujifunze kusema karibu.

Wiki mbili alitega sikio ukutani.
Akaandika kila hodi na jibu lake:
hodi ya kuamka, hodi ya kununua stempu,
hodi ya mvua, ambayo huja mara moja kwa wiki,
tukaikesha kama watu wanaongoja mtoto azaliwe.
Nyingine hakuziwahi.

Saa nane kasoro dakika moja
gati lilijaa watu nisiowajua.
Mama wa Kushiro. Figili Arobaini na Saba.
Walipunga mikono. Mmoja alikuwa akinunua stempu,
saa hiyo, stempu!
Kisha weupe.
Nimeona weupe mwingi kwenye kioo cha greda,
lakini ule una barabara chini yake.

Kozue akawasha kompyuta mbovu,
bawaba imevunjika, imefungwa kwa mpira wa nywele.
Simu ikapiga hodi.
Kimya.
Ikapiga tena.
Kozue akalaani, akafuta nukta moja, akaongeza nukta moja.
Hodi.
Na paa jekundu likatoka kwenye ukungu.

Sitadanganya. Soko ni tupu.
Majirani wamesimama wima kama sanamu za duka la nguo.
Bahari inatikisika bila sauti.
Lakini Sumie yuko dirishani pa posta, aproni ya buluu,
ananiambia ninachoambiwa kila siku: Umechelewa.

Kozue akauliza, macho kwenye kioo:
Saa ni yetu sasa. Niipe tarehe gani?
Nikimwambia Juni tano, konokono anafika usiku huu.
Nikimwambia mwaka juzi, hajaondoka.
Bahasha anayo; ameipima, hajaifungua.
Ina herufi mia mbili na kumi na mbili, alisema,
kisha akaona haya kwa kuzihesabu.

Nikatazama nje. Theluji ilianza upya
juu ya njia niliyoilima alfajiri.
Ipe ya leo, nikasema.
Na kesho ipe ya kesho.

Alichomeka waya, akaenda kulala.
Kwenye kona ya kioo kitu kidogo
kilisogea, kikasita, kikasogea.
Nikavaa viatu. Saa tisa inakaribia,
nami pia nina mwendo wangu.