Sahihi ya Kumi na Saba

Ndahani wa nyumba ya kona kaja na karatasi jioni,
kalamu kaifunga kwa uzi kama ile ya benki.
"Tunapinga," anasema. "Ghorofa nne, familia thelathini na mbili,
hapa hapa Ilazo! Weka jina, namba ya simu, sababu."

Sababu.
Walionitangulia wameandika: maji.
Ni kweli, bomba letu hukohoa kwanza
kabla ya kutoa tone la Jumanne.
Wameandika: majitaka, kelele, usalama wa watoto.
Mmoja kaandika "maadili"
akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Nimeshika kalamu, naitafuta ya kwangu.

Ni dirisha.
Ghorofa ya tatu, upande wangu,
dirisha ambalo bado ni hewa tupu
lakini limeshaanza kunitazama
nikianika kanga zilizochakaa,
nikila kiporo cha mlenda nimesimama uani.
Miaka kumi na moja sijatazamwa kutoka juu
ila na kunguru.

Ni mzabibu pia. Mmoja tu, wa ukutani,
hauzai vizuri, na saa tisa utaingia kivulini.

Na kuna hili, ambalo siliandiki:
tofali zangu nilizihesabu moja moja.
Mkopo wa mshahara, bati kwa awamu,
miaka miwili madirisha ya turubai,
vumbi likitandika kitanda kabla yetu.
Sasa waje watu na funguo mkononi,
wapande ngazi za vigae,
wasiijue ladha ya vumbi lile?
Wivu, huo.
Wa aliyeteseka kwa asiyeteseka.
Nimeuvisha koti la "miundombinu"
na umependeza.

Siku ya kuweka bikoni naikumbuka.
Hapa palikuwa shamba la karanga, la mama mmoja, Sechelela.
Hakubishana na wapimaji. Alihesabu fidia yake,
akabonyeza dole gumba kwenye wino,
kisha akasimama juu ya tuta akaniuliza mimi,
mgeni niliyeletwa na wizara, soksi zimejaa mbigili:
"Na upepo utapita wapi?"
Nilicheka. Nilidhani haelewi ramani.
Nikamwambia upepo hauna hati.

Alikohamia sikujui. Wengine husema Nzuguni,
wengine Chamwino kwa dada yake.
Mvua za kwanza zilipogusa ardhi
karanga zake ziliota zenyewe kando ya msingi wangu.
Nilisubiri zikomae, nikazing'oa, nikachemsha na chumvi.
Zilikuwa tamu. Sikumwambia mtu.

"Mama Nyemo," Ndahani anasema, "giza linaingia."

Jina nimeandika. Namba ya simu nimeandika.
Kwenye sababu, mkono, nami sikuutuma,
unaandika: upepo.

Ndahani anainua karatasi kwenye taa ya geti,
anasoma, anatikisa kichwa taratibu.
"Hii hatukuifikiria kabisa," anasema.
"Hii ni hoja ya kitaalamu."

Anakunja karatasi, anavuka barabara
kwenda nyumba ya kumi na nane.
Mbwa wao wanambwekea
kama hawajawahi kumwona.