Pipa la Tatu

Pugu Kajiungeni, jua bado.
Nafungua pipa la kwanza: togwa ya juzi.
La pili: togwa, na nanasi kwa mbali.
La tatu linanitukana usoni,
samli mbovu, soksi za mlinzi wa zamu mbili.

Sasa niambie, nimekosa wapi?
Mabua ni yaleyale, shamba moja la Kisarawe,
molasi ya dumu moja, machicha ya bia
niliyoyagombania Ilala na wenye Fuso zao,
miguu yangu hii iliyoyashindilia,
nailoni ileile, matofali yaleyale juu.
Kuvundika. Kuvunda.
Silabi moja tu, na ng'ombe analala njaa.

Zulfa hakukanyaga hapa enzi za nguruwe.
Alipita ng'ambo ya barabara, mtandio puani,
na salamu aliirusha kama jiwe dogo.
Siku hizi anafuata maziwa ya mama yake,
na siku ile alikuja na glovu na kichupa,
akachota tone la pipa la tatu
kwa adabu ya mtu anayempima mgonjwa.
Chuoni kwao Mlimani kuna darubini, alisema.
Nikasahau. Nina mitamba wawili na deni.

Wiki tatu baadaye, kopo la maziwa mkononi:
"Mzee Gaspari, wapishi wako waliugua."

Wapishi gani?

"Bakteria. Wale wanaokutia uchachu.
Kuna kirusi hakimjui ng'ombe, hakikujui wewe,
kinamjua bakteria basi.
Kinatua mgongoni mwake kwa miguu ya buibui,
kinamdunga, kinamwachia maagizo.
Mpishi anasahau chungu.
Anaanza kufyatua virusi, virusi, virusi,
mpaka anapasuka.
Chungu kikikosa mpishi, wahuni wanaingia jikoni."

Nilikaa juu ya tofali.

Kirusi namjua mimi.
Namwita kwa ngeli ya watu, Zulfa, nisamehe,
maana alinijia kama mtu.
Mwezi wa pili, nguruwe thelathini na mmoja.
Masikio yalianza kuwa zambarau,
kisha tumbo, kisha kimya bandani,
kimya ambacho mfugaji anakisikia akiwa bado kitandani.
Bwana mifugo alileta chokaa na fomu.
Shimo nilichimba mwenyewe hadi usiku.
Mke wangu Dafrosa akauliza pembeni ya shimo,
"Huyo kirusi ana ukubwa gani?"
na bwana mifugo akatazama viatu vyake.

Mwaka mzima nilidhani ni sisi tu,
sisi na wanyama, tulioonewa.
Kumbe hata mdogo asiyeonekana
ana mdogo wake anayemwinda.
Kumbe mle ndani ya pipa la buluu,
chini ya matofali yangu,
palikuwa na homa, na mazishi bila chokaa,
na mimi juu nikipiga mluzi.

Nikamuuliza Zulfa dawa ya kuviua vyote.
Akacheka, akaweka kopo chini.
"Ukiviua vyote, nani atawawinda wale wahuni?
Hata pipa lako zuri limejaa.
Kijiko kimoja, virusi kuliko watu wa jiji hili."
Nikalitazama pipa la kwanza
kama mpangaji niliyemzoea
aliyenificha kwamba ana ukoo mzima chumbani.

Pipa la tatu nimelimwaga migombani.
Nimelisugua kwa mchanga, nimelianika juani siku nne,
na chachu ya safari ijayo nitaazima kwa pipa la pili,
ingawa Zulfa anasema hakuna uhakika,
na Dafrosa anasema uhakika ulizikwa Februari.

Kidoti anakula. Hajali.
Ulimi wake mrefu unazoa mji mzima na vita vyake,
anacheua, anaugeuza mweupe.

Ila nimeanza tabia moja, msinicheke.
Kabla ya kufungua, nagonga kifuniko.
Hodi.
Gesi inatoka, fyuuu.
Naichukulia kuwa ni karibu.